Mchezo Uliokua Nao Umerudi: Uamini Alama za Wahakiki, za Wachezaji, au Moyo Wako?

Shemeji yangu, anayeendesha ukumbi mdogo wa michezo ya video mtaani Kondele, Kisumu, alinipigia simu hapa Nakuru akiwa na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na sijawahi kulijibu kwa utulivu. Alikuwa ameweka akiba ya kuinunulia PlayStation 5 yake michezo miwili, na yote aliyokuwa akiiwazia ilikuwa matoleo mapya ya mifululizo tuliyokua nayo: Tekken ya mapigano, Grand Theft Auto (ule wa San Andreas) na mbio za magari za Crash Bandicoot. "Shemeji," aliniambia, "huu Tekken wahakiki wameupa 90, nao wachezaji wanaulalamikia usiku na mchana. Huu wa San Andreas wote wawili wameukataa, lakini mimi ninautaka hata kabla ya kuuona. Sasa nifuate namba ya wahakiki, namba ya wachezaji, au moyo wangu?"

Makala haya ni jibu nililompa, likiwa limepanuliwa kidogo. Ndani ya swali lake limo swali jingine, kubwa zaidi: je, hamu ya zamani huathiri alama ambazo mifululizo mikongwe hupewa? Kwa maoni yangu huathiri, tena sana, ila haivutii upande mmoja. Kuna mahali inapandisha, na kuna mahali inaangusha kwa kishindo. Na jambo linalomhusu zaidi mnunuzi wa Nakuru au Kisumu, ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, ni kwamba utoto uliomo ndani ya alama hizo mara nyingi si utoto wake.

Namba mbili zinavyopatikana

Namba ya wahakiki inayotajwa zaidi ni ile ya Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Tovuti hiyo hukusanya hakiki za majarida na za tovuti nyingine, huzigeuza zote ziwe alama kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani ambao ndani yake baadhi ya majarida huwa na uzito kuliko mengine, ingawa uzito wenyewe hautangazwi. Kando yake ipo namba ya wachezaji, kutoka 0 hadi 10, ambayo mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuichangia bila kuthibitisha kwamba mchezo anao. Steam, duka la michezo ya kompyuta, lina utaratibu wake: anayetoa maoni lazima awe na mchezo huo katika akaunti yake, naye hatoi namba bali husema tu kama anaupendekeza au la, na duka huonyesha asilimia ya waliopendekeza tangu mwanzo na ya siku 30 zilizopita.

Tofauti kubwa kati ya pande hizi ni ya wakati. Mhakiki kwa kawaida hupokea mchezo kabla haujaingia sokoni, huucheza kwa siku chache, huandika mara moja, na alama yake hubaki palepale hata mchezo ukibadilishwa baadaye. Mchezaji huanza siku ya uzinduzi na anaweza kurudi na maoni mapya baada ya mwaka mzima. Upande wa wachezaji una hatari ya haraka na hasira, kiasi kwamba mwaka 2020 Metacritic iliweka sharti kuwa wasubiri saa 36 baada ya mchezo kutoka ndipo waandike, kwa kuwa alama za 0 zilikuwa zikimiminika kabla ya muda ambao mtu angeweza kuumaliza mchezo wenyewe.

Hamu ya zamani nayo huingia pande hizo kwa milango tofauti. Kwa wahakiki huingia wakati wa kugawana kazi: mhariri akipokea toleo la nane la mfululizo fulani, ni jambo la kawaida kumpa yule mwandishi anayeufahamu tangu la kwanza. Mwandishi huyo huja na ujuzi, na katika mfuko huohuo huja na mapenzi. Kwa wachezaji huingia kupitia wale wanaojisumbua kuandika, kwani asiye na historia na mchezo huucheza, akachoka, akaendelea na shughuli zake. Anayeketi saa sita za usiku kuandika aya nne ni yule aliyeupenda tangu akiwa darasa la tano.

Ya kale hayanuki, na kipya kinyemi

Neno nostalgia lilibuniwa mwaka 1688 na tabibu wa Uswisi, Johannes Hofer, aliyeichukulia hamu ya nyumbani kuwa ni maradhi. Wanasaikolojia wa leo hawaioni hivyo, lakini wamejifunza mengi kuihusu. Watu wazima wakiulizwa kumbukumbu za maisha yao, zile za umri wa takriban miaka 10 hadi 30 hujitokeza kwa wingi kuliko za miaka mingine. Mwaka 1997 Terence Mitchell, Leigh Thompson na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu waliokwenda safari ya Ulaya, likizo ya sikukuu, na safari ya baiskeli ya wiki tatu huko California, wakaona kwamba baadaye watu waliikumbuka safari kuwa nzuri kuliko walivyoieleza walipokuwa ndani yake. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa maneno matatu: ya kale hayanuki.

Ila wahenga haohao walisema pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa ndipo ulinganisho wetu unapokuwa mgumu. Toleo jipya la mfululizo mkongwe ni kitu kipya na cha kale kwa wakati mmoja. Mhakiki anayeucheza wiki ya uzinduzi huvutwa na unyemi wa upya na utamu wa ukale kwa pamoja, na anayesoma alama yake hana njia ya kujua, kwa kuitazama namba peke yake, ni alama ngapi zimetokana na mchezo na ngapi zimetokana na mvuto huo. Inambidi atazame mifano kadhaa iliyo bega kwa bega.

Ndugu wawili wa Capcom

Mfano ninaouamini zaidi ni wa Capcom, kampuni ya Japani iliyoijenga upya michezo yake ya kutisha ya Resident Evil mmoja baada ya mwingine. Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ina alama 89 za wahakiki, na ile iliyojengwa upya Januari 2019 ikapata 91. Resident Evil 3 ya mwaka 1999 ina 91, yaani ilimshinda nduguye. Iliyojengwa upya Aprili 2020 ikapata 79. Kampuni ni ileile, mtindo wa ujenzi ni uleule, umri wa mashabiki ni uleule, na kati ya moja na nyingine ilipita miezi 14 hivi. Kama mapenzi ya kale yangekuwa yanapandisha alama kama hamira inavyoumua unga, zote mbili zingeumuka.

Kilichotokea ni kwamba kumbukumbu iligeuka kuwa daftari la madeni. Mchezo wa 2020 ulikuwa mfupi, na baadhi ya sehemu walizozipenda waliocheza ule wa 1999 zilikuwa zimekatwa, hasa zile za ndani ya mnara wa saa, ambao sasa ulionekana kwa nje tu. Mhakiki aliyeufahamu mnara ule aliumaliza mchezo akiwa bado anausubiri, akaandika hivyo, na alama zikashuka. Hamu ya zamani ilifanya kazi, lakini ilifanya kazi ya mkaguzi wa hesabu.

Fikiria basi wanunuzi wawili wa Nakuru. Wa kwanza hajawahi kuugusa mchezo wa 1999. Yeye ataona ufupi, lakini mnara hataukosa kwa sababu hajui kwamba uliwahi kuwepo, na kwake ile 79 ni kali kuliko inavyostahili. Wa pili aliucheza akiwa kidato cha kwanza hadi akakariri milango yake. Kwake hata 79 inaweza kuwa ya upole. Namba ni moja, na inawakosea wote wawili kwa pande tofauti. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba hamu ya zamani ni kasoro ya kuondolewa katika uhakiki. Ni taarifa, ila ni taarifa inayowafaa wasomaji fulani tu.

Resident Evil 4 sitaichambua sana: ya mwaka 2005 ina 96 na iliyojengwa upya mwaka 2023 ina 93, na mtu asidhani kwamba tofauti ya 3 inamwambia ipi ni bora. Ya kwanza ilipimwa na watu walioona mtindo wa kamera ya juu ya bega ukiwashangaza. Ya pili ilipimwa na watu ambao wameishi na mtindo huo kwa miaka 18.

Sonic mbili za mwaka mmoja

Mwaka 2017 kampuni ya Sega ilitoa michezo miwili ya Sonic, mhusika wake mwenye mbio. Sonic Mania ilitoka Agosti, ikiwa imetengenezwa na kikundi ambacho ndani yake walikuwamo watu walioanza kama mashabiki wakitengeneza michezo ya Sonic kwa hiari yao, na Sonic Forces ikafuata Novemba, kazi ya kikosi cha Sega yenyewe. Katika PlayStation 4, ya kwanza ilipata 86 na ya pili ikaangukia chini ya 60. Wapo waliohitimisha haraka kwamba wahakiki walilipia utoto wao, kwa kuwa Mania ilirudi kwenye michoro bapa ya miaka ya 1990.

Hoja hiyo haisimami. Sonic Forces nayo iliegemea kumbukumbu waziwazi: ilimweka ndani yake Sonic wa zamani, mfupi na mnene, na ikamrudisha katika mandhari yaleyale ya vilima vya kijani. Ikiwa kitambaa cha zamani kingetosha, Forces ingevikwa taji. Tofauti ilikuwa katika ushonaji, kwa maana ya uzito wa mwendo, mpangilio wa viwanja, na namna kasi inavyojengeka na kupotea. Nakiri kwamba sioni namna ya kumshawishi mtu juu ya hili kwa maneno. Lazima ashike padi na acheze yote miwili mchana mmoja. Lakini nimeshawahi kuwakalisha vijana wa miaka 14 mbele ya michezo hiyo, vijana wasio na kumbukumbu yoyote ya miaka ya 1990, na wote walirudi kwenye Mania.

San Andreas yetu

Sasa nifike kwenye mchezo unaotuuma. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka mwaka 2004 na ina alama 95 za wahakiki katika PlayStation 2. Sidhani kama kuna mtaa wa Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, ambao haukuwa na kijana mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, imeandikwa mpangilio wa vitufe vya siri vya kupatia silaha, pesa na magari. Karatasi hizo zilinakiliwa kwenye majalada ya daftari za hesabu na kubadilishanwa kwa mandazi.

Novemba 2021, majuma machache kabla ya Nakuru kukabidhiwa hati ya jiji, Rockstar, kampuni inayoitoa michezo hiyo, ilitoa mkusanyiko wa michezo mitatu ya zamani iliyong'arishwa upya, San Andreas ikiwamo. Mvua ilinyesha kama nyuzi nyeupe zilizoziba macho, nyuso za wahusika zilivimba kama za sanamu za plastiki, na maandishi ya baadhi ya mabango yalikosewa kwa sababu mashine ndiyo iliyoachiwa kazi ya kuyakuza. Wahakiki waliipa alama zilizozunguka 50. Wachezaji waliishusha hadi chini ya 1 kati ya 10. Jambo lililoongeza machungu ni kwamba kampuni ilikuwa imeyaondoa matoleo ya zamani katika maduka ya mtandaoni mwezi uliotangulia, hivyo aliyetaka ya kale hakuweza hata kuinunua. Novemba hiyohiyo iliomba radhi na kuyarudisha matoleo ya kompyuta dukani kwake.

Linganisha basi 50 na chini ya 1. Yote mawili ni majibu kwa kitu kilekile, na naona kila moja lilikuwa sahihi kwa swali lake. Mhakiki alijibu swali la kama mchezo unachezeka, akaona kwamba hadithi, misheni na muziki vipo chini ya kasoro zile. Mchezaji alijibu swali la kama amerudishiwa alichokuwa nacho, na jibu lilikuwa hapana. Anayetaka kujua hali ya mchezo asome wahakiki, na anayetaka kujua kama atarudi tena mwaka 2004 asome wachezaji, hata wale wenye matusi. Izingatiwe pia kwamba mchezo ulifanyiwa marekebisho makubwa ya mwanga na anga Novemba 2024, miaka mitatu baadaye, ilhali alama za wiki ya kwanza bado zipo kama zilivyokuwa.

Tekken, mfano unaotuhusu zaidi

Tekken nimeiacha hadi hapa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye meza ya shemeji yangu, na kwa sababu ndiyo mfululizo ninaoweza kuuzungumzia bila kuazima macho ya mtu. Tekken 3 iliingia PlayStation mwaka 1998 na ina alama 96. Tekken 4 ya mwaka 2002 ilipata 79. Tekken 5 ikapanda hadi 88 mwaka 2005, Tekken 7 ikapata 82 katika PlayStation 4 mwaka 2017, na Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, ikafika 90.

Mtu akizitazama namba hizo kwa pupa atasema kwamba mfululizo ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda, na kwamba hakuna hamu yoyote ya zamani hapo. Mimi naiona katika Tekken 4 na Tekken 5. Ya nne ilithubutu kubadili misingi: sakafu ziliinuka na kushuka, kuta zikazunguka uwanja, mpiganaji akaweza kubanwa pembeni na kupigwa bila njia ya kutokea. Waliokuwa wamezoea uwanda tambarare wa Tekken 3 walijihisi wageni nyumbani kwao. Ya tano ikarudisha sakafu tambarare, ikaacha kuta, na ndani ya diski hiyohiyo ikaweka matoleo ya mashine za kumbini ya Tekken tatu za kwanza. Ilikuwa ishara ya wazi kwa mashabiki kwamba yao imesikika, na alama zikapanda kwa 9. Je, zilipandishwa na ubora au na faraja? Nimeicheza Tekken 5 kwa miaka mingi na nashikilia kwamba ni bora kuliko ya nne kwa kila kipimo cha mapigano. Lakini sitakataa kwamba faraja ilichangia, kwa kuwa hata mimi siku ya kwanza niliifungua Tekken 3 iliyomo ndani yake kabla ya kuugusa mchezo wenyewe.

Tekken 8 inaonyesha jambo jingine, nalo ni tofauti ya wakati niliyoitaja mwanzoni. Wahakiki walitoa 90 yao Januari 2024. Mwisho wa Februari, mchezo uliongezewa duka la ndani la kununulia mavazi kwa pesa halisi, ambalo hakuna mhakiki wa wiki ya uzinduzi aliyeliona. Aprili mwaka huohuo akarudi Eddy Gordo, mcheza kapoeira tuliyempenda katika Tekken 3 kwa sababu hata mgeni angeweza kubonyeza vitufe vya mateke bila mpango na kumwangusha bingwa wa mtaa. Alirudi kama nyongeza ya kulipiwa. Hapo hamu ya zamani iligeuzwa bidhaa waziwazi, na alama ya wahakiki haikuwa na nafasi ya kulisema hilo. Kisha Aprili 2025 sasisho la msimu wa pili likabadilisha uwiano wa mapigano kwa namna ambayo wachezaji wengi waliiona kuwa inamzawadia anayeshambulia kupita kiasi, na maoni ya karibuni kwenye Steam yakaporomoka vibaya. Ndiyo malalamiko ya usiku na mchana aliyoyasikia shemeji.

Hadithi kama hiyo ilikuwa imeshatokea kwa Crash. Mbio za magari za mwaka 1999, ambazo zina 88, zilijengwa upya kwa jina la Crash Team Racing Nitro-Fueled Juni 2019 na kupata 83; Agosti, wahakiki wakiwa wameshaondoka, pesa halisi ikaruhusiwa kununulia vitu vya ndani ya mchezo. Ninapoona toleo la mchezo wa utotoni likisifiwa siku ya kwanza, siku hizi nasubiri miezi miwili.

Utoto wa nani?

Katika orodha ya Metacritic, mchezo wenye alama ya juu kuliko yote ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time wa mwaka 1998, wenye 99. Wengi hutumia namba hiyo kuthibitisha kwamba michezo ya zamani ilikuwa bora. Lakini 99 hiyo imetokana na hakiki 22 tu, zilizokusanywa na tovuti ambayo ilianza miaka mitatu baada ya mchezo kutoka, ilhali Breath of the Wild ya mwaka 2017, mchezo wa mfululizo huohuo wenye 97, imepimwa kwa hakiki zaidi ya 100. Yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani anajua kwamba darasa la watoto 22 linaweza kuwa na wastani wa ajabu, ila kadiri darasa linavyokua ndivyo anavyopatikana wa kuuvuta chini.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba Zelda hiyo ilichezwa kwenye Nintendo 64, mashine ambayo sikuwahi kuiona katika ukumbi wowote wa Nakuru. Tulichokuwa nacho ni PlayStation ya kwanza, kisha ya pili, na diski zilizonakiliwa zikiuzwa ndani ya karatasi za nailoni. Tulicheza kwa shilingi chache kwa zamu. Mshindi alibaki na padi, aliyeshindwa alirudi nyuma ya foleni, na watu kumi walisimama nyuma yako wakikuelekeza kwa kelele. Mhakiki wa London au wa Tokyo anapoandika kwamba mchezo fulani ulimrudisha utotoni, anakumbuka sakafu ya chumba chake cha kulala, kaseti aliyonunuliwa siku ya kuzaliwa, na saa nyingi za upweke mtamu. Mimi nakumbuka benchi, jasho na foleni. Yeye huona hasara mchezo unapokosa hadithi ndefu ya mtu mmoja. Mimi huona hasara unapokosa nafasi ya watu wawili kuketi pamoja mbele ya skrini moja, jambo ambalo hakiki nyingi hulipitia kwa sentensi moja.

Kwa hiyo alama 97 inaweza kuwa imebeba mapenzi ya kweli kabisa ambayo hayana anwani Kisumu. Kinyume chake, mchezo uliopewa 83, kama ule wa Crash, unaweza kuwa na thamani kubwa kwetu kwa sababu watu wanne wanaweza kuucheza kwenye skrini moja bila intaneti.

Michezo ya mpira ya kila mwaka naiweka kando. FIFA 12 na FIFA 13 zilifikia 90, na kufikia EA Sports FC 24, jina jipya lililoanza mwaka 2023, alama zimekuwa zikizunguka katika miaka ya 70. Mfululizo unaotoka kila Septemba haumpi mtu muda wa kuutamani. Humchosha tu, na wahakiki huchoka kabla ya wateja. Pale ambapo mashabiki walikuwa na cha kutamani, yaani PES, mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami, mrithi wake eFootball ulitoka Septemba 2021 ukiwa katika hali mbovu hadi Konami ikaomba radhi, na kumbukumbu ya PES 6 haikuuokoa hata kidogo.

Nilivyomshauri

Nilimwambia shemeji aanze na mteja wake, si na namba. Mchana, ukumbi wake hujaa vijana wa miaka 12 hadi 20, ambao Tekken 3 kwao ni jambo la kusimuliwa. Jumamosi jioni huja watu wa miaka 35 na zaidi, wakitoka kazini, na hao ndio wenye deni la kumbukumbu.

Kwa vijana, alama ya wahakiki ndiyo iliyo karibu na ukweli wao, kwa kuwa wataukuta mchezo kama ulivyo bila kuulinganisha na chochote. Tekken 8 basi inafaa. Malalamiko ya Aprili 2025 ni ya watu wanaoshindana kwa viwango vya juu, na vijana wa Kondele wanaocheza raundi tatu kisha kupisha wenzao hawataguswa nayo sana. Duka la mavazi nalo halimhusu mwenye ukumbi. Crash Team Racing iwe ya pili, kwa sababu hiyohiyo ya watu wanne, na toleo lake la PlayStation 4 linachezeka katika PlayStation 5.

Kwa wale wa Jumamosi, nilimshauri asome wachezaji, tena asome maneno yao badala ya namba. Mkusanyiko wa San Andreas asiununue kwa ajili yao. Watauona uso wa kwanza uliovimba na kuomba ule wa zamani. Afadhali aitengeneze PlayStation 2 yake ambayo kichwa chake cha kusomea diski kilikuwa kimechoka.

Kwa anayenunua mchezo wa nyumbani, wa kucheza peke yake, nina njia moja ninayoitumia mwenyewe. Nachukua hakiki yenye alama ya juu, naisoma nikifuta akilini kila sentensi inayozungumzia utoto wa mwandishi, muziki aliousikia zamani na machozi aliyoyatoa, kisha natazama kilichobaki. Kikibaki cha kutosha kuhusu namna mchezo unavyochezwa, ninaiamini alama hiyo hata kama mwandishi amelia. Kisipobaki, najiuliza kama mimi pia nina utoto huo. Nikiwa nao, kama ilivyo kwa Tekken, nanunua nikijua ninanunua nini. Nisipokuwa nao, naiacha hadi bei ishuke.

Shemeji alifuata karibu yote. Tekken 8 ipo kwenye skrini kubwa karibu na mlango, Crash ipo katikati, na PlayStation 2 imewekwa pembeni na televisheni ya zamani yenye mgongo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya Jumamosi jioni: kwenye benchi la pembeni wameketi wanaume watatu waliolegeza tai, na mmoja wao ameshika karatasi iliyokunjwa.